Maumivu ya Kifua: Namna ya Kuyatambua ya Moyo na Kuyatenganisha na Mengine

Sehemu laini iliyo chini ya mfupa wa katikati ya kifua, pale mbavu za kulia na za kushoto zinapoachana, huitwa kwa Kiswahili chembe cha moyo, ingawa kiungo kilicho nyuma yake kwa sehemu kubwa ni tumbo. Jina hilo linaeleza tatizo lote la mwongozo huu. Moyo, tumbo na umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni, ni majirani, na neva zinazobeba habari za maumivu kutoka katika viungo hivyo hukutana kwenye uti wa mgongo kabla ya kufika kwenye ubongo, kiasi kwamba ubongo wenyewe hushindwa kujua kwa hakika ni kiungo kipi kinacholalamika. Ndiyo maana mtu mwenye shambulio la moyo anaweza kuapa kwamba ni gesi tu, na mwenye kiungulia kikali anaweza kuamini kwamba saa yake imefika.

Makosa hayo mawili hayalingani kwa gharama. Aliyekimbilia hospitali kwa sababu ya kiungulia amepoteza nauli na nusu siku, ilhali aliyebaki nyumbani na shambulio la moyo huku akinywa dawa ya kupunguza asidi anapoteza msuli wa moyo ambao haurudi tena. Kwa sababu hiyo nakuomba usianze kwa kutafuta jina la ugonjwa. Anza kwa kuamua iwapo unapaswa kuondoka nyumbani sasa hivi, kisha jina litafutwe na watu wenye vifaa vya kulitafuta. Na katika kuamua, usiyapime maumivu kwa ukali wake, maana msuli wa ubavuni ulioshtuka unaweza kuuma kuliko moyo ulionyimwa damu. Yapime kwa tabia yake: yalianzaje, yanachochewa na nini, yanatulizwa na nini, na yameongozana na nini.

Dalili zisizongoja kukuche

Shambulio la moyo hutokea pale mshipa mmojawapo unaoulisha msuli wa moyo unapoziba ghafla, mara nyingi kwa sababu utando wa mafuta uliojijenga kwa miaka ndani ya ukuta wa mshipa umepasuka na damu ikaganda juu ya jeraha hilo. Msuli uliokatiwa damu huanza kufa ndani ya nusu saa hivi, na kifo hicho huendelea kusambaa kwa saa kadhaa.

Watu wengi waliopatwa nalo hawatumii hata neno maumivu. Husema kifua kimebana, au kimekandamizwa, au kuna uzito kama wa mtu aliyewakalia. Ukiwauliza ni wapi, huweka kiganja kizima au ngumi katikati ya kifua, kwa sababu hisia hiyo imeenea na haina mpaka. Hapa kuna jambo ambalo limewachelewesha wengi: tumezoea kusema kwamba moyo uko kushoto, basi mtu akibanwa katikati hujiambia kuwa si moyo. Maumivu ya moyo hukaa zaidi katikati, na yanaweza kutambaa hadi kwenye bega na mkono wa kushoto, wa kulia, au yote miwili, hadi shingoni, kwenye taya, mgongoni kati ya mabega, au kushuka hadi hapo kwenye chembe cha moyo. Hayabadiliki ukigeuka, ukivuta pumzi au ukibonyeza kifua. Mara nyingi huongozana na jasho la baridi, kichefuchefu au kutapika, kukosa pumzi, kizunguzungu, na hofu kubwa isiyo na sababu. Kifua kikibana hivyo ukiwa umepumzika na hali isitulie ndani ya dakika 5, au ikiwa jasho na kukosa pumzi vimeungana nayo hata kabla ya dakika hizo, ondoka.

Wapo wasiobanwa kifua kabisa. Mama wa miaka 60 mwenye kisukari cha muda mrefu anaweza kuishiwa nguvu ghafla akiwa anaosha vyombo, akatoka jasho, akatapika mara mbili na kuhema kama aliyekimbia, bila kulalamika kuwa anaumwa popote. Kisukari kikikaa miaka mingi huharibu neva, pamoja na zile ambazo zingetoa taarifa ya maumivu kutoka moyoni. Wazee sana na wanawake kwa jumla nao huja na dalili za namna hii mara nyingi zaidi kuliko wanaume wa umri wa kati. Katika maeneo yetu unyonge, jasho na kutapika huitwa malaria hata kabla ya kipimo, na sikatai kwamba mara nyingi ni malaria kweli. Lakini kwa mtu mzima mwenye kisukari au shinikizo la damu, dalili hizo zikianza kwa ghafla, tena bila homa, moyo lazima uchunguzwe siku hiyo hiyo.

Kuna hali nyingine ambazo si shambulio la moyo, ila nazo hazina subira. Maumivu yanayokuja mara moja kwa nguvu zote, kama kitu kinachochanika kifuani na kuelekea mgongoni, hasa kwa mwenye presha ya kupanda, yanaweza kutokana na kuchanika kwa ukuta wa mshipa mkuu wa damu. Kukosa pumzi kwa ghafla, pamoja na kichomi kinachozidi unapovuta hewa, kwa mtu aliyejifungua au kufanyiwa upasuaji karibuni, aliyelala kitandani kwa siku nyingi, au ambaye mguu wake mmoja umevimba na kuuma, kunaweza kuwa dalili ya bonge la damu lililosafiri hadi kwenye mapafu. Kichomi cha ghafla cha upande mmoja pamoja na kuhema, kwa mtu mwenye pumu au kifua kikuu, au hata kijana mrefu mwembamba asiye na ugonjwa wowote, kinaweza kuwa pafu lililovuja hewa na kusinyaa. Na mgonjwa wa selimundu (sikoseli) anayeumwa kifua akiwa na homa au kikohozi apelekwe hospitali bila kusubiri dawa za maumivu zifanye kazi, hata kama amezoea kuumwa viungo na mgongo.

Maumivu yanayokuja na kuondoka

Kabla ya mshipa kuziba kabisa, mara nyingi huwa umekuwa mwembamba kwa muda mrefu, na moyo hutoa taarifa mapema kwa mtu anayejua kuisikiliza. Mshipa huo hupitisha damu ya kutosha unapokuwa umekaa, lakini ukipanda mlima, ukibeba ndoo ya maji, au ukitembea haraka baada ya kushiba, moyo hudai damu zaidi na kuikosa. Kifua hubana, unasimama, na baada ya dakika chache hali hutulia kana kwamba hakuna kilichotokea. Mzee anayetoka sokoni na mzigo wake, ambaye kila siku husimama chini ya mwembe ule ule kabla ya kumalizia kilima, ataambiwa na jirani kuwa ni uzee, naye ataridhika na jibu hilo. Mimi ningemwomba ahesabu. Je, mwaka jana alikuwa akisimama hapo? Je, kinachomsimamisha ni miguu, au ni kifua?

Tabia hiyo ya kuja kwa juhudi na kuondoka kwa mapumziko ndiyo alama yenye nguvu kuliko zote za maumivu ya moyo. Mwenye nayo anahitaji kuonana na daktari ndani ya siku chache, sio miezi. Ikiwa maumivu yameanza kuja kwa juhudi ndogo kuliko zamani, au yanadumu zaidi, au yamemfuata kitandani usiku, basi amefika ukingoni na anapaswa kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Usijaribu kupanda ngazi kwa makusudi ili kujihakikishia, kwa sababu kipimo cha kuusukuma moyo hadi uchoke hufanywa chini ya uangalizi wa watu walio tayari kuuokoa.

Magonjwa ya moyo yasiyoanzia kwenye mishipa hiyo

Ukisoma maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya Ulaya au Marekani utadhani kwamba ugonjwa wa moyo ni wa mtu mzima mnene anayevuta sigara. Afrika Mashariki tuna magonjwa mengine ya moyo, na baadhi huwapata vijana. Mtoto anayeugua koo kutokana na bakteria fulani asitibiwe vizuri, hasa kati ya miaka 5 na 15, anaweza baada ya wiki chache kuvimba na kuumwa viungo vinavyopokezana, leo goti, kesho kiwiko. Kinga ya mwili iliyoamshwa na bakteria hao hugeuka na kushambulia valvu za moyo, yaani vilango vinavyozuia damu isirudi nyuma. Uharibifu hujitokeza miaka mingi baadaye, mara nyingi kwa msichana ambaye anapata mimba ya kwanza na kugundua kwamba hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi. Aliyegunduliwa mapema hupewa sindano ya penisilini kila baada ya wiki 3 au 4 ili ugonjwa usijirudie, na sindano hiyo haifai kukatizwa kwa sababu tu mtoto anaonekana mzima.

Mama mwingine huwa na moyo mzima kabisa, kisha katika mwezi wa mwisho wa ujauzito au katika miezi 5 ya kwanza baada ya kujifungua moyo wake hulegea. Anavimba miguu, anahema akitembea hadi jikoni, anaamka usiku akitafuta hewa dirishani. Ndugu humwambia kwamba ni uchovu wa uzazi. Hizo ni dalili za moyo kushindwa kusukuma damu, na ni zile zile zinazomtokea mtu yeyote ambaye moyo wake umechoka kwa presha ya miaka mingi isiyotibiwa: anahitaji mito miwili au mitatu ili alale, miguu ikibonyezwa kwa kidole hubaki na shimo, na uzito huongezeka kwa kilo kadhaa katika siku chache kwa sababu ya maji. Wengi wao hutibiwa kwanza kama wenye pumu ya ukubwani. Mtu aliyepata pumu kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 50, tena inayomshika akilala na kumwachia akikaa, achunguzwe moyo kabla ya kununuliwa dawa nyingine ya kuvuta.

Mfuko unaouzunguka moyo nao hushika uvimbe. Maumivu yake ni makali, huzidi unapolala chali, na hupungua unapokaa na kuinama mbele. Mahali ambapo kifua kikuu kimeenea, chenyewe ni miongoni mwa sababu kuu za uvimbe huo, hasa kwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Basi homa za jioni, kupungua uzito na kutoka jasho usiku vikifuatana na maumivu ya namna hii, mweleze daktari yote pamoja.

Yanayotoka kwingineko

Kiungulia huwaka kutoka kwenye chembe cha moyo kupanda kooni, huja baada ya kula, hasa vyakula vya mafuta na pilipili, huzidi unapolala au kuinama kufunga viatu, na huacha ladha chungu au chachu mdomoni. Vidonda vya tumbo huuma zaidi chini, kwenye chembe chenyewe, na maumivu hufuata ratiba ya chakula, aidha kwa kuzidi tumbo likiwa tupu au kwa kuzidi mara baada ya kula. Ratiba ya chakula na ratiba ya juhudi ni vitu viwili tofauti, na kuvitenganisha kutakusaidia kuliko kukadiria mahali panapouma.

Nimonia huja na homa, kikohozi na kichomi kinachokata unapovuta pumzi ndefu. Kikohozi kilichozidi wiki 2 kipimwe kifua kikuu. Misuli na magegedu ya mbavu huuma mahali unapoweza kupaonyesha kwa ncha ya kidole, huuma ukibonyeza, ukijinyoosha au ukibeba kitu, na mara nyingi kuna sababu unayoikumbuka, kama vile kulima, kubeba magunia au kukohoa sana. Mkanda wa jeshi huwaka upande mmoja wa kifua kwa siku kadhaa kabla ya malengelenge kutokea, na katika siku hizo humchanganya hata daktari.

Shambulio la hofu nalo lina maumivu ya kweli. Moyo huenda mbio, vidole na midomo hufa ganzi, pumzi huwa fupi, na hali hufika kilele ndani ya dakika 10 hivi kisha hushuka. Ila mtu mzima anayepatwa nalo kwa mara ya kwanza asiambiwe ni mawazo mpaka moyo wake upimwe.

Majaribio yanayodanganya

Watu hunywa dawa ya kupunguza asidi, wakipata nafuu husema moyo umesalimika. Jaribio hilo halifai, kwa kuwa maumivu ya moyo nayo hupungua yenyewe kwa muda, na nafuu hiyo huangukia bahati mbaya kwenye dawa. Wengine hubonyeza kifua, na kwa kuwa panauma wanahitimisha kuwa ni misuli, wakisahau kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Wengine huenda duka la dawa na kupewa vidonge vikali vya maumivu vya jamii ya diklofenaki. Dawa za kundi hilo huongeza uwezekano wa shambulio la moyo na pia huchimba vidonda vya tumbo, kwa hiyo hazifai kabisa kwa kifua ambacho hakijachunguzwa. Na upo ujumbe unaosambazwa kwenye simu kwa miaka mingi, unaomshauri mtu aliye peke yake akohoe kwa nguvu ili kuufufua moyo. Usiufuate. Muda wa kukohoa ndio muda wa kumpigia jirani.

Wakati usafiri unatafutwa

Mkalishe mgonjwa nusu wima, mgongo ukiegemea ukuta na magoti yakiwa yamekunjwa, na umlegezee nguo. Asitembee hadi barabarani, asiendeshe gari mwenyewe, wala asipandishwe bodaboda ikiwa gari au bajaji inaweza kupatikana, kwa sababu akizirai juu ya pikipiki ataanguka. Usimlishe na usimkande kifua.

Ikiwa dalili ni zile za kubanwa kifua, mpe aspirini ya miligramu 300 aitafune, asiimeze nzima, ili iingie kwenye damu haraka. Kama nyumbani kuna zile ndogo za miligramu 75, atafune 4. Asipewe ikiwa aspirini humdhuru, ikiwa anatapika damu au anapata choo cheusi kama lami, au ikiwa maumivu ni yale ya kuchanika hadi mgongoni. Kama daktari alikwisha kumwandikia dawa ya kuweka chini ya ulimi, aitumie kama alivyoelekezwa, isipokuwa kama ametumia dawa ya kuongeza nguvu za kiume katika siku 2 zilizopita, kwani zikikutana presha inaweza kushuka hadi kuua. Najua ni jambo la aibu kulitaja mbele ya mke au watoto, lakini mhudumu wa afya lazima aambiwe, hata kwa kunong'onezwa.

Akianguka, asipojibu na asipopumua kawaida, mlaze chali mahali pagumu, weka viganja katikati ya kifua na ubonyeze kwa nguvu, kina cha sentimita 5 au zaidi kidogo, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukiacha kifua kirudi juu kila mara. Pokezaneni mpaka msaada ufike. Hata usipojua kumpulizia pumzi, kubonyeza peke yake kunasaidia.

Nenda kwenye hospitali ya karibu yenye kipimo cha umeme wa moyo, ambacho wahudumu hukiita ECG. Zahanati nyingi hazina, na ni vyema kujua mapema, siku ambayo hakuna anayeumwa, ni hospitali ipi ya jirani inacho usiku na mchana. Kipimo hicho kinatakiwa kufanywa ndani ya dakika 10 baada ya mgonjwa kufika, hivyo mlangoni sema "kifua kinabana" kabla ya kutoa kitambulisho au kadi ya bima. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyopo Muhimbili, Dar es Salaam, huzibua mishipa kwa mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa wa mkononi au pajani, lakini ukiwa mbali nayo usiipite hospitali ya rufaa iliyo njiani, kwa kuwa dawa ya kuyeyusha bonge la damu hufanya kazi vizuri zaidi katika saa za mwanzo na faida yake hupungua sana baada ya saa 12.

Mbele ya daktari

Mweleze saa maumivu yalipoanza, ulikuwa ukifanya nini, yanaelekea wapi, yamedumu kwa muda gani, nini kiliyapunguza na nini kiliandamana nayo. Taja presha, kisukari, sigara, dawa zote pamoja na za mitishamba, na ndugu wa damu waliopata ugonjwa wa moyo au kufa ghafla kabla ya uzee. Usianze kwa kusema "nina vidonda vya tumbo", kwa sababu neno hilo linaweza kuufunga uchunguzi kabla haujaanza.

Kipimo cha kwanza cha umeme wa moyo kinaweza kuonekana cha kawaida ilhali shambulio linaendelea, na protini iitwayo troponini, ambayo msuli wa moyo ulioumia huimwaga kwenye damu, huchukua saa kadhaa kupanda. Kwa hiyo uliza kwa heshima kama vipimo vitarudiwa, na baada ya muda gani, kabla ya kukubali kurudi nyumbani. Ukiruhusiwa, omba nakala ya karatasi ya ECG na uipige picha kwa simu siku hiyo hiyo, maana maandishi ya karatasi hizo hufifia, na daktari atakayekuona safari nyingine atahitaji kulinganisha mchoro wa siku hiyo na huu wa leo.